Kilomita Chache, Kazi Nyingi

Machi 1997 Colin McRae, dereva kutoka Scotland, alishinda Safari Rally akiwa na Subaru Impreza ya milango miwili, bodi ya buluu na rimu za dhahabu. Pointi alizozichuma katika vumbi na matope ya Kenya ziliingia kwenye hesabu iliyoipa Subaru ubingwa wa watengenezaji kwa mwaka wa tatu mfululizo. Mwaka uliofuata kiwanda kikasherehekea kwa kutoa Impreza 22B STi, gari la barabarani lililofanana kwa umbo na lile la mashindano: mabega mapana, injini ya lita 2.2, buluu ileile na rimu za rangi ileile. Soko la Japani lilipewa magari 400. Yalinunuliwa yote ndani ya siku mbili.

Mwaka 2023 mojawapo ya 22B za majaribio, iliyowahi kuwa mali ya McRae mwenyewe, iliuzwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya pauni 480,000. Naanza na gari hili kwa sababu sehemu ya jina lake ilijengwa kwetu. Watu waliosimama kando ya barabara mwaka ule wa 1997, wakitimuliwa vumbi usoni, walikuwa wanaona historia ya gari ikiandikwa mbele ya macho yao.

Na ndugu zake wako wapi? Impreza za kizazi kile ziliingia Afrika Mashariki kwa wingi kama mtumba. Nyingi zimekatwa fenda, zimetolewa injini na kuwekwa nyingine, zimepuliziwa rangi mara mbili au tatu, zimegonga nguzo usiku wa manane, au zimeuzwa spea moja moja Kirinyaga Road, Nairobi. Iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, yenye ekzosi yake, viti vyake na kitabu chake cha maelekezo ndani ya dashibodi, ni ya kutafuta kwa tochi. Kabla yake yalimkuta Peugeot 504 yaleyale. 504 ilishinda Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978, ikaunganishwa Mombasa, na ile ndefu yake ikawa matatu ya safari za mbali miaka na miaka. Ilitumika mpaka ikaisha. Gari la kazi kufanya kazi si kosa hata kidogo. Linaloniuma ni kwamba katika maelfu yale hatukuweka kando hata machache yaliyo safi, ili mtoto aliyezaliwa juzi aweze kukaa kwenye kiti kile na kusikia mlango ule ukifungwa.

Sura hii ni ya mtu anayetaka kulichukua gari moja la kisasa, ambalo machoni pa jirani bado ni gari tu, akalifikisha miaka 30 ijayo likiwa zima. Hoja yangu ni kwamba gari la namna hiyo haliwi urithi kwa kufichwa. Linakuwa urithi kwa kuhudumiwa na kuendeshwa, na anayelitunza ana kazi kubwa kuliko anayelitumia kila siku.

Kilomita zinashuhudia nini

Wanunuzi wa minadani wanapolipa fedha nyingi kwa kilomita chache, namba yenyewe kwenye dashibodi siyo wanayoilipia. Agosti 2021, huko Pebble Beach, California, McLaren F1 ya mwaka 1995 iliuzwa kwa dola milioni 20.465. Ilikuwa imetembea maili 242, yaani kama kilomita 390. Kilichouzwa pale ni gari ambalo bado lina rangi iliyopuliziwa kiwandani, gundi ya kiwandani, ngozi ya viti iliyochaguliwa na waliolitengeneza, na boliti ambazo hazijaguswa na spana ya mtu mwingine.

Gari lililofanyiwa ukarabati laweza kung'aa kuliko jipya. Fundi hodari wa bodi atalinyoosha, atalipulizia, utaona uso wako mlangoni. Lakini hapo unatazama uamuzi wa fundi: rangi aliyoipata, unene alioupenda, mshono aliouona unafaa. Rangi ya kiwandani ikishapigwa msasa hairudi. Ndiyo maana gari lenye mikwaruzo miwili ya kweli na rangi yake ya kwanza huwa na thamani zaidi, kwa wanaojua, kuliko lililopakwa upya lote. Ukilipata la namna hiyo, zuia mkono wa fundi mwenye haraka ya kulifanya "kama jipya". Kipande kimoja chenye kovu la kweli kiache.

Hapa kwetu namba ya kilomita ina ugonjwa wake. Kurudisha kilomita nyuma ni biashara ya siku nyingi, na gari lililotembea 180,000 laweza kusoma 60,000 asubuhi inayofuata. Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayeanza mazungumzo kwa kilomita, kabla hata hujaliona gari, msikilize kwa uangalifu. Dawa ni karatasi. Japani gari hukaguliwa na serikali linapotimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita huandikwa kwenye cheti. Minada ya huko hutoa karatasi ya ukaguzi yenye daraja la gari na mchoro wa bodi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la 4.5 watu wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanalijua kwa jina. R humaanisha gari limewahi kutengenezwa baada ya ajali. Karatasi hiyo iwe mkononi mwako, na namba ya chesisi iliyomo ilingane na ya kwenye gari.

Baada ya karatasi, tazama vitu ambavyo mdanganyifu husahau. Raba ya pedali ya breki iliyolika pembeni haikuliwa na kilomita 40,000. Usukani ulioota mng'ao, ukingo wa kiti cha dereva uliolegea, kitasa cha gia kilichofutika namba, vyote husema ukweli. Fungua boneti utazame vichwa vya boliti za fenda: rangi iliyobanduka kwenye kona za boliti maana yake fenda iliwahi kutolewa. Kisha uliza kwa nini.

Maadui wasiohesabu kilomita

Mwaka 1957 mji wa Tulsa, Oklahoma, ulizika Plymouth Belvedere mpya kabisa ndani ya chumba cha zege chini ya ardhi, mbele ya jengo la mahakama, ili ifukuliwe baada ya miaka 50. Waliifunga kwa uangalifu, wakaweka na petroli pembeni, wasije watu wa mwaka 2007 wakawa hawaitumii tena. Juni 2007 umati ulikusanyika, kifuniko kikainuliwa. Chumba kilikuwa kimeingiwa na maji. Gari lililotoka lilikuwa na maili chache mno kwenye dashibodi, na kutu kila mahali, springi zimevunjika, viti vimeoza. Liliishia kuwa kitu cha makumbusho, huko Roscoe, Illinois, kinachotazamwa kwa huzuni.

Miaka sita baadaye, Septemba 2013, watu walimiminika Pierce, mji mdogo wa Nebraska, kwenye mnada wa Lambrecht Chevrolet. Muuzaji huyo wa magari alikuwa na tabia ya kuweka kando yale yasiyonunuliwa. Magari yapatayo 500 yaliuzwa, na kama 50 kati yake hayakuwa yametembea hata maili 20. Mengi yalikuwa yamekaa shambani juani na mvuani. Pikapu ya Chevrolet Cameo ya mwaka 1958, yenye maili 1.3 tu, ilifika dola 140,000 japo paa lake lilikuwa limebonyea na kioo kimepasuka kwa kuangukiwa na jengo ilimohifadhiwa. Bei ilikuwa ya kisa chake. Mtu aliyeinunua hakupata gari la kuwasha na kuondoka nalo.

Muda una meno yake, na haujali dashibodi inasoma nini. Mfano ninaoupenda kuwatajia wanaoamini kilomita peke yake ni Mercedes-Benz W124, gari lililobeba mawaziri na wafanyabiashara wa miji yetu yote. Zile zilizotengenezwa kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990 hadi katikati zilifungwa waya za injini ambazo ganda lake lilitengenezwa lioze upesi kwa ajili ya mazingira. Likaoza likiwa bado garini. Ganda hukauka, hupasuka, hupukutika, waya zinagusana, injini inaanza kukohoa. Yaliyotembea kilomita 30,000 na yaliyotembea 300,000 yalipatwa vilevile, kwa kuwa kilichoyaua ni joto na miaka.

Mitsubishi nyingi za mwanzo wa miaka hiyohiyo zina kompyuta ya injini ambayo kapasita zake huvuja, na kiowevu chake hula njia za shaba kwenye bodi ya umeme. Ferrari na Maserati za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina vitufe vilivyopakwa mpira laini unaogeuka kuwa ulimbo. Ukivigusa unabaki kidoleni. Na ile McLaren F1 tuliyoitaja, kwa miaka mingi mafundi wake walihitaji kompyuta ya Compaq LTE 5280 ya miaka ya 1990 ili waweze kuzungumza na gari, kwa kuwa hakuna mashine nyingine iliyokubali kadi yake. Kiwanda kililazimika kutafuta na kutunza Compaq za kale kwa bidii ileile ya kutunza magari yenyewe.

Hapo ndipo gari la kisasa linapotofautiana na la babu. Kabureta ya mwaka 1960 fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, ataifungua, ataisafisha, ataifunga. Kompyuta iliyokufa haina huruma hiyo. Kwa hiyo anayeweka kando gari la miaka ya 1990 au baadaye anunue mapema kompyuta ya pili ya injini inayolingana na namba ya ile ya kwanza, sensa ya hewa, koili na ufunguo wa akiba, avifungashe penye ukavu. Haya ndiyo yatakayokosekana. Plagi na filta zitapatikana siku zote.

Kazi ya kila mwezi

Sasa tuingie gereji, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa nia njema.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuliwasha gari Jumamosi, kuliacha lingurume dakika tano, kisha kulizima. Mwenyewe anaingia ndani ameridhika. Kila lita ya petroli ikiungua huzaa karibu lita nzima ya maji katika hali ya mvuke. Injini ikiwa baridi, mvuke huo haupati nafasi ya kutoka. Hugeuka matone ndani ya ekzosi na ndani ya sampu, ukachanganyika na oili. Unailisha injini maji kila wiki huku ukidhani unaitunza. Ama iache kabisa, ama iendeshe. Mara moja au mbili kwa mwezi, nusu saa barabarani baada ya sindano ya joto kutulia, inatosha kuchemsha oili na kukausha ekzosi. Safari hiyo pia inazungusha gia, inasugua diski za breki, inasogeza shokabzoba na kulainisha sili. Washa kiyoyozi hata kama kuna baridi ya Julai, kwa kuwa oili ya kompresa husafiri na gesi, na sili isiyopata oili hukauka na kuvujisha.

Kilomita 500 au 600 kwa mwaka kwa utaratibu huu hazipunguzi thamani ya gari kwa mnunuzi mwenye akili. Zinaiongeza, kwa sababu ana hakika analolinunua linatembea. Gari lililosimama ni kama kisima kisichotekwa: maji yamo, ila usiyanywe.

Petroli nayo huzeeka. Sehemu zake nyepesi hupaa, zinazobaki huganda kama gundi kwenye pampu na nozeli. Gari likisimama kwa muda, tangi lijazwe, maana nafasi tupu hukaribisha unyevu na kutu. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani hata kama hukukanyaga pedali. Badilisha kila miaka miwili. Oili ya injini ibadilishwe kila mwaka bila kujali umetembea kilomita ngapi, kwa kuwa iliyotumika ina asidi ndani yake.

Betri ndiyo inayokufa kwanza. Gari la kisasa halilali: alamu, saa, kompyuta, vyote vinanywa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Betri ya risasi iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikikaa chini ya 12.4 wiki nyingi, ndani yake hujengeka chumvi isiyoondoka. Nunua chaja ndogo ya kutunza betri, ile inayojizima na kujiwasha yenyewe, uiache imeunganishwa. Kung'oa terminali kunafaa pia, ila baadhi ya magari husahau mipangilio ya injini na redio hudai namba ya siri. Tafuta namba hiyo leo.

Tairi zina tarehe ya kuzaliwa ubavuni. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi zilizopita miaka kumi ni za kuonyesha tu, hata kama meno yake yote yapo. Hapa mtunzaji ana mtihani. Tairi za kwanza za kiwandani zina thamani kama kumbukumbu, lakini kuziendea barabarani ni hatari. Zivue, zihifadhi gizani, funga mpya za kutembelea. Jaza upepo juu kidogo ya kawaida gari linaposimama, na lisogeze kila wiki nusu mzunguko, tairi zisipate ubapa.

Kwa mwenye Subaru yenye injini ya EJ20 nina neno la pekee. Mkanda wa taimingi wa injini hiyo ukikatika, valvu huweza kugongana na pistoni, na injini iliyotembea kidogo ikawa chuma chakavu kwa sekunde moja. Vitabu vinataja kilomita 100,000. Mkanda ni mpira, na mpira wa miaka 25 ni mpira wa miaka 25. Ukinunua Impreza ya kilomita 45,000 ya mwaka 1998 na hakuna karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa, ipandishe kwenye lori ya kubebea magari kwenda kwa fundi. Usiiwashe.

Mahali pa kuliweka ni nusu ya kazi yote. Nairobi, iliyo kama meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina ukavu na ubaridi unaofaa. Adui mkubwa ni jua la ikweta, ambalo huunguza vanishi ya rangi na kupasua dashibodi. Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam hali ni nyingine. Hewa ya huko ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na kutu huanza chini, kwenye mishono na mabomba ya breki, mahali ambapo kitambaa cha kupangusia hakifiki. Anayekaa pwani na ana ndugu wa kuaminika Arusha, Nakuru au Nairobi afikirie kulipeleka gari kule. Akilibakiza pwani, alioshe kwa chini baada ya kila safari, alipulizie nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili, na banda liwe na mashine ya kupunguza unyevu. Turubai la nailoni lisiguse gari kamwe; linafungia unyevu na kusugua rangi. Shuka la pamba, ndani ya banda lenye hewa, linatosha. Na mitego ya panya iwepo siku zote, kwa sababu panya mmoja kwenye waya za injini hufanya kwa usiku mmoja hasara ambayo kilomita 100,000 hazifanyi.

Sheria zinazofunga mlango

Marekani gari ambalo halikutengenezwa kwa kanuni zao huruhusiwa kuingia bila masharti hayo likifikisha miaka 25. Kwa hiyo 22B ya kwanza ilifunguliwa njia mwaka 2023, na Nissan Skyline GT-R R34, iliyoanza kutengenezwa Januari 1999, ikafuata mwaka 2024. Kila mwaka fungu jipya la magari ya Japani linahalalishwa na wanunuzi wa Marekani wanalifuata kwa dola zao. Mwaka 2019 Toyota Supra ya mwaka 1994, isiyo na mabadiliko, ilikuwa tayari imefika dola 173,600 huko Amelia Island, Florida.

Kenya inakwenda kinyume. Gari la mtumba lisizidi miaka minane. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haijafunga mlango ila inatoza ushuru wa uchakavu, na kadiri gari linavyokuwa kuukuu ndivyo mnunuzi anavyolipa zaidi. Nia ya sheria hizi ni kuzuia taka za magari na moshi, na siipingi. Lakini matokeo yake kwa mtunzaji ni makubwa: Impreza, Lancer Evolution na Celica za miaka ya 1990 zilizopo Kenya ndizo hizo hizo. Hata mwenye fedha hawezi kuagiza nyingine kwa njia ya kawaida. Kila moja inayokatwa leo imetoka kwenye hesabu isiyojazwa.

Yapo matumaini upande wa spea. Mwaka 2017 Nissan ilianza kutengeneza upya vipuri vya Skyline GT-R ya R32, na Mazda ikafungua huduma ya kukarabati Roadster za kizazi cha kwanza. Mwaka 2020 Toyota ikaanzisha mradi wa vipuri vya magari yake ya kale, zikiwemo Supra za A70 na A80. Viwanda vyenyewe vimekiri kwamba magari haya hayakuisha pale yalipotoka sokoni. Mafundi wetu nao ni hazina. Nairobi kuna watu ambao wamefungua EJ20 kwa miaka ishirini, wanaijua kwa sauti. Mtafute mmoja, mheshimu, mlipe vizuri, na umwombe kijana wake ajifunze kwenye gari lako.

Kuhusu faida sitasema mengi. Mwaka 1976 Cadillac ilitangaza Eldorado yake ya wazi kuwa gari la mwisho la aina hiyo Marekani. Watu walikimbilia kununua na kuficha. Yalitengenezwa 14,000 mwaka huo. Mwaka 1984 Cadillac ikatoa Eldorado ya wazi tena, na baadhi ya walioficha wakaenda mahakamani kulalamika. Kila mtu anapoweka kando kitu kilekile, hakuna kitakachoadimika. Ukijumlisha bima, banda, tairi, oili na muda wako, gari nyingi zinazotunzwa hurudisha kidogo kuliko zilivyokula. Litunze kwa kuwa unalipenda na unaona lina habari ya kusimulia juu ya mahali petu.

La kuanza nalo sasa

Watu wakitaka niwatajie gari moja la leo, nawatajia Toyota GR Yaris. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya miaka 19, na Toyota imeitawala tangu hapo. Mwaka 2022 ilichukua nafasi zote nne za kwanza, Kalle Rovanperä akiwa mbele. GR Yaris ya barabarani, iliyozinduliwa Januari 2020, ilitoka ikiwa na milango mitatu, injini ya lita 1.6 yenye silinda tatu na turbo, gia ya mkono, nguvu kwenye magurudumu manne, na bodi isiyo sawa na ya Yaris ya kawaida. Chini ya ngozi gari la mashindano lina fremu yake tofauti kabisa. Wanachoshirikiana ni jina, ukoo na barabara zilizowapa sifa. Ndivyo ilivyokuwa kwa kiasi fulani na Impreza, na uhusiano huo ndio watu wanaoulipia miaka 25 baadaye.

Ni gari ghali, najua, na wengi wetu hatutalinunua. Kwa mwenye uwezo mdogo ziko Impreza za kawaida zilizobaki kwa wazee wastaafu, zilizokwenda kanisani, msikitini na sokoni tu, na ambazo watoto wao wanataka kuziuza ili wanunue kitu kipya. Mzee wa namna hiyo kaa naye, uliza kwa adabu, usimwambie bei siku ya kwanza. Mara nyingi atataka kujua kwanza gari lake litakwenda mikono gani. Ukilipata, fungua faili siku hiyohiyo: logibuku, karatasi ya mnada, vyeti vya ukaguzi, kila risiti hata ya plagi, picha za bodi pande zote pamoja na chini, na daftari la kilomita kila unapolitoa bandani. Kila Septemba mashindano ya urembo wa magari ya Africa Concours d'Elegance hufanyika kwenye uwanja wa farasi wa Ngong Road, Nairobi, na waandaaji wake, klabu ya wenye Alfa Romeo, wameyaendesha tangu mwaka 1970. Nenda uone majaji wanavyoinama kutazama chini ya gari na tochi mkononi. Utajifunza zaidi pale kwa siku moja kuliko katika sura hii.

Na anayefikiria GR Yaris aangalie kalenda. Kwa sheria ya miaka minane kama ilivyo sasa, zilizosajiliwa mwaka 2020, mwaka wake wa kwanza, zitaweza kuingia Kenya hadi mwisho wa 2027. Kuanzia Januari 2028 mlango wao umefungwa, na zitakazokuwa zimeshafika bandari ya Mombasa ndizo tutakazokuwa nazo.